Karishika wanamjua, karisi hawaijui

Jumamosi moja, katika shule ya sekondari ya Masisi ambayo jina lake tunaliacha, wazazi waliitwa kwenye mkutano. Ilikuwa ya kuongea juu ya feza za shule, na juu ya paa ya kalasi mbili iliyobebwa na upepo. Lakini mbele ya kufika kwenye paa, pasta mmoja, naye ni mzazi kama wengine, alisimama akaweka makaye matatu juu ya meza. Yalikuwa makaye ya kurasa mia moja, yamejaa maandiko ya biki ya buluu mpaka pembeni, mpaka kwenye ganda. Msichana wa kalasi ya tano alikuwa amekopia ndani yake, kutoka telefone ya kaka yake, hadisi ndefu ya binti wa mfalme wa zamani, mwenye pete ya uchawi, aliyependa kijana wa inchi ya adui. Aliandika usiku, kwa tochi, karibu miezi miwili. Kisha alikuwa anayakodisha kwa wenzake: franka 200 kwa kaye moja, siku mbili, na mwenye kurudisha kaye na doa la mafuta analipa tena.

Pasta alisoma mistari mitano kwa sauti. Mama mmoja akasimama: « Batoto betu banaharibika juu ya hivi bitabu! » Watu wakapiga mikono. Hakuna aliyeuliza hadisi inaishaka namna gani. Makaye yalichomwa nyuma ya choo, prefe akiangalia, msichana akiangalia, na sisi waalimu tukiangalia. Hatukusema neno. Tukarudi kuongea juu ya paa.

Neno ambalo hatukusema siku ile tunataka kulisema hapa, katika kitabu kidogo hiki cha shirika letu, mbele ya watu waliosoma na wanaopenda mila. Kosa halikuwa la msichana. Kijana wa Masisi ao wa Walikale anayetafuta hadisi za uchawi na mapenzi ya zamani hakupotea hata kidogo. Anatafuta chakula ambacho babu zake walikuwa wanakula nyumbani, na akikikosa nyumbani anaenda kukiomba kwa jirani. Waliozimisha moto chini ya chungu ni sisi: sisi waalimu, sisi wakristo, sisi wazazi.

Tuanze na hamu yenyewe, maana wengi wanaizarau pasipo kuiangalia. Nasi tulikuwa nayo. Miaka ya 1990, tukiwa kwenye viti vya sekondari, tulisoma Harlequin zilizopasuka ganda, tukizificha ndani ya kitabu cha jiografia. (Ndiyo sababu jiografia yetu inachechemea mpaka leo.) Halafu zikaja kasete za Nijeria. Karishika, yule mwanamke mzuri aliyetumwa na Lusiferi kuharibu wanaume, alijulikana katika sali za video kushinda mbunge yeyote, na mashine ya umeme ikipiga kelele kushinda sinema yenyewe. Leo ni telefone. Kuna zile hadisi za vipande vipande zinazopita kwa WhatsApp, vijana wanaziita « chroniques »: kila usiku kipande kimoja, na kila kipande kinakatika pale moyo unapodunda. Mwenye mega anamsomea asiye na mega. Waliofika mbali kidogo wanajua Harry Potter, aliyeanza Uingereza mwaka wa 1997, na Wakanda ya sinema ya mwaka wa 2018.

Kwa nini Wakanda? Mwangalie kijana wa Walikale. Kuanzia mwaka wa 2002, wenzake waliacha shule wakapanda Bisie kuchimba kasiterite. Mawe yalishuka juu ya migongo ya watu kwa njia ya pori, na kule Kilambo ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara, zinayabeba mpaka Goma. Shule ya kijana ikabaki na kuta za miti. Sasa mwonyeshe kijana huyu ufalme wa watu weusi wenye madini ya ajabu, ambamo mgeni hagusi jiwe pasipo ruhusa. Ataacha kupenda namna gani? Tunasema hadisi hizi zinawatoa vijana katika maisha. Sisi tunaona zinawaonyesha maisha kwa upande wa pili, kama mtu anayegeuza nguo ili aone mishono. Humu kwetu mwenye nguvu ni mwenye silaha, ao mwenye feza, ao mwenye jina la baba mkubwa. Katika hadisi ya uchawi, mdogo aliyezarauliwa, yatima, msichana asiyeulizwa kitu, ndiye anayepata pete. Usiku mmoja wa namna hiyo, kwa franka 200, si bei mbaya.

Sasa tuje kwenye chungu chetu.

Wanyanga wa Walikale wana masimulizi marefu yanayoitwa karisi. Mwenye kuyajua anaitwa she-karisi. Haketi akasoma. Anaimba, anasimulia, anacheza, anaigiza kila mtu wa hadisi, kibuyu cha kutikisa mkononi, na vijana wake wanapiga fimbo kavu kwa vijiti, na watu waliokusanyika wanaitikia. Mwaka wa 1956, she-karisi Candi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck hadisi ya Mwindo kwa siku kumi na mbili. Mwaka wa 1969, Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga na mtaalamu wa lugha, wakaitoa kama kitabu katika kinyanga na kiingereza, kilichochapwa na Chuo Kikuu cha California. Mwaka wa 1970 wakatoa pia, kule Brussels, mkusanyo wa masimulizi ya kinyanga kwa kifaransa. Vitabu viko. Katika mashule tuliyofundisha ndani ya territware hizi mbili, hatujaona hata kopi moja.

Kwa wale ambao hawakubahatika kusikia, tuieleze kidogo. Shemwindo, mwami wa Tubondo, ana wake saba. Anaamuru wote wazae wasichana tu; atakayezaa mvulana, mtoto atauawa. Sita wanazaa wasichana. Mke wa saba, aliyependwa zaidi, anachelewa, na mtoto akiwa bado tumboni anaanza kumsaidia mama yake: kuni zinafika zenyewe, maji yanafika yenyewe. Mtoto anazaliwa kwa kupitia kidole cha mama yake, anacheka, anaongea, anatembea siku ile ile, na mkononi ana conga, ule usinga wenye nguvu. Baba anamtupia mkuki, haufiki. Anamzika mzima, anatoka. Anamfunga ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma inapanda na maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka mkubwa wa maji. Mwindo anarudi na shangazi na wajomba zake wafua chuma, Nkuba, mwenye radi, anaichoma Tubondo, na baba anakimbilia kuzimu. Mwana anamfuata kule chini, kamba mkononi, shangazi ameshika upande mwingine.

Na mlangoni mwa kuzimu anamkuta nani? Msichana. Kahindo, binti wa Muisa bwana wa kuzimu, mwenye vidonda mwili mzima. Jina hili wasichana wengi wa Kivu Kaskazini wanalibeba, na hawajui walikutana nalo wapi. Ni Kahindo anayemwonya Mwindo kwa siri: baba yangu akikupa kiti usikae, akikupa pombe usinywe, akikupa ugali usile. Mwindo naye anamwosha vidonda vyake. Tuambieni, wapendwa wasomaji, ni mwandishi gani wa London ao wa Lagos angeandika vizuri zaidi? Binti anamsaliti baba yake juu ya kijana aliyemwona siku moja kwenye chemchemi, na kijana hamwombi uzuri, anamwosha vidonda. Ufalme wa zamani uko. Uchawi uko. Moyo unaodunda uko. Na mto ni wa kwetu, na ndizi ni za kwetu, na pori ni lile tunalopita tukienda Walikale.

Hapa pasta ananyoosha kidole. Karisi, anasema, ni jina la roho. Mwenye kusimulia anatumwa na roho ile. Basi ni shetani. Ni kweli, wazee waliamini kwamba karisi ni roho pia, inayomtaka mtu aisimulie na inayomlinda. Hatutaficha jambo hilo ili kumpendeza mtu. Lakini tunamwomba pasta afungue kitabu chake mwenyewe. Musa alikuwa na fimbo iliyogeuka nyoka, na bahari ikafunguka alipoinyoosha. Punda wa Balaamu aliongea. Samsoni alikuwa na nguvu ndani ya nywele, na mwanamke akamtoa siri kitandani. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba juu ya Raheli, akapewa Lea usiku. Kama mwanafunzi wetu angekopia mambo haya kwenye kaye pasipo kutaja majina, tunaogopa kwamba yangechomwa vilevile nyuma ya choo.

Na tuangalie Mwindo anaishia wapi. Hamuui baba yake. Anamtoa kuzimu, anamrudisha Tubondo, baba anakiri makosa yake mbele ya watu wote, na ufalme unagawanywa. Wale waliokufa katika vita, Mwindo anawafufua kwa conga. Kisha, akiwa mwami mwenye sifa, anamwua Kirimu, zimwi la vichwa saba. Sisi tungepiga mikono. Lakini Kirimu alikuwa rafiki ya Nkuba, na Nkuba anamchukua shujaa juu mbinguni, anamwacha kule mwaka mzima, apigwe na mvua, na mawe ya barafu, na jua, ajifunze. Anaporudi hawaambii watu mambo ya nguvu zake. Anawaambia walime vyakula vya kila namna, wasigombane, wasimcheke kilema akipita kijijini, wasifuate mke wa mwingine. Mwami awaheshimu watu, na watu wamheshimu mwami. Kama hayo ni mafundisho ya shetani, basi tuombe shetani huyo afundishe kidogo huko Kinshasa.

Karishika, kwa upande wake, inamfundisha mtoto kitu kingine: kwamba kila shida ya nyumba ina mchawi, na mchawi ni mwanamke mzuri, ao mama mzee jirani, ao mtoto yule anayekojoa kitandani. Tunajua imefika wapi. Kinshasa na kwingine, watoto wamefukuzwa nyumbani juu ya neno hilo, na humu vijijini kwetu mabibi wazee wanajua hofu yake. Hatusemi basi kwamba kila hadisi yenye uchawi ni nzuri. Tunasema iko tofauti kubwa kati ya hadisi inayotafuta mwenye kosa kwa jirani maskini, na hadisi inayomtafuta kwenye kiti cha mwami. Ile ya kwanza tuliiacha iingie mpaka ndani ya maombi. Ile ya pili tuliifukuza.

Tufike kwenye mapenzi, maana ndiyo yaliyowasha moto kweli siku ile. Mistari mitano pasta aliyoisoma haikuwa ya pete. Ilikuwa ya busu. Siku mbili baadaye, tulimwuliza msichana mwenye makaye alipenda nini katika hadisi ile mpaka akauze usingizi wake. Alinyamaza sana. Kisha akasema: « Mwalimu, mule ndani mwanaume anaombaka mbele. Mutu akikatala, anarudiaka kwao. »

Hatukuwa na swali lingine.

Tangu miaka ya 1990, ni wasichana wangapi wa Masisi na Walikale hawakuombwa kitu? Wengine walikuta wanaume wenye silaha njiani ya shamba. Wengine waliolewa na deni la mjomba. Wengine wakiwa kalasi ya tatu walifuata mchimbaji kwenye kare juu ya sabuni na simu. Tunapowaambia kwamba kitabu cha mapenzi kitawaharibu, tunaongea kama mtu anayefunga dirisha wakati ukuta umeanguka. Binti wa mfalme anayeulizwa « unanipenda? » na kungojewa jibu: kwa msichana wetu, hicho ndicho kipande cha uchawi kushinda pete.

Na humo pia karisi ilikuwa imetangulia. Kwa nini Shemwindo hataki mvulana? Wenye kuifasiri wanasema ni sababu mbili. Mvulana atamrithi, msichana ataleta mali ya mahari. Mwami anataka mabinti kama vile mwengine anavyotaka mbuzi. Hadisi nzima inaanza na baba anayehesabu watoto wake wa kike, na baba huyo ndiye anayeishia kuzimu akikimbia mwana wake. Tungependa kusikia mahubiri juu ya jambo hili siku moja ya arusi.

Kuna neno moja katika hofu ya wazazi ambalo tunaliheshimu. Humu kwetu uchawi si wa kitabu tu. Tangu vita ya mwaka wa 1993, iliyoanzia sokoni Ntoto katika Walikale na kuenea mpaka Masisi, vijana wetu wameogeshwa dawa na kuambiwa kwamba risasi itageuka maji. Mzazi aliyemzika mwana wake kwa sababu ya neno lile anaogopa kila kitu chenye jina la uchawi, na hatutamcheka. Ila anakosa adui. Mwenye kuuza dawa ya vita hakuwahi kumwomba kijana asome kitabu. Anamsimulia hadisi fupi sana, ambamo msimulizi hakosei kamwe: kijana akirudi mzima, ni dawa, akifa, eti aligusa mwanamke, ao alikula kilichokatazwa, ao aliangalia nyuma. Kijana aliyelelewa na hadisi ndefu ameshazoea kuuliza. Anajua kwamba hata mwenye conga alipelekwa juu kupigwa na mawe ya barafu. Anajua kwamba nguvu ina bei na kwamba mtu ataidai. Asiyejua hadisi hata moja, wa kwanza kumsimulia kitu ndiye atakayempata.

Ndugu zetu wa pwani waliliona hili zamani. Mwaka ule ule wa 1969, Ebrahim Hussein wa Tanzania alitoa mchezo wake Kinjeketile, juu ya vita ya Maji Maji ya mwaka wa 1905 mpaka 1907. Watu wa kusini ya Tanganyika walipewa maji, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani hazitawapata. Kinjikitile Ngwale mwenyewe, mwenye maji, alinyongwa na Wajerumani mwaka wa 1905, na watu wakaendelea kufa. Hussein alimweka mtu huyu jukwaani, akamwonyesha akilemewa na neno alilolitoa mwenyewe. Tulisoma mchezo huu na kalasi ya sita, kopi moja kwa wanafunzi arobaini. Kijana mmoja ambaye kaka yake alikuwa porini aliuliza: « Mwalimu, ju ya nini hakurudisha ile neno yake? » Tukajadili mpaka kengele ikalia, na baada ya kengele tena. Hakuna somo la uraia tulilowahi kufundisha lililofanya vile.

Shaaban Robert pia, tuliyezoea kumtaja kama mzee wa adabu, mwaka wa 1952 alitoa Adili na Nduguze. Ndani yake mna nini? Majini. Mji wa watu waliogeuka mawe. Msichana mzuri, Mwelekevu, aliyebaki peke yake katika mji ule na kupendana na Adili. Ndugu wawili wenye wivu wanaogeuzwa manyani. Ni hadisi ya uchawi na mapenzi ya ufalme wa zamani, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na imesomwa mashuleni na watoto wa wakristo na wa waislamu. Hapa Kongo, Paul Lomami Tchibamba alipata zawadi Brussels mwaka wa 1948 juu ya Ngando, hadisi ya mamba na ya wachawi wa mto. Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka wa 2000, aliandika Bandoki kwa kifaransa ambacho hata mtu wa kalasi ya pili anaelewa, na ni juu ya hiyo watu walimsoma. Hatuombi jambo geni.

Na pasipo sisi kuandika, wengine wanatuandikia. Mwingereza Rider Haggard alikaa kidogo Afrika ya Kusini, akarudi kwao, akaandika mwaka wa 1887 juu ya Ayesha, malkia mweupe mwenye uchawi, aliyeishi miaka elfu mbili ndani ya mapango ya Afrika, akingoja mpenzi wake. Watu weusi katika kitabu kile ni wa kubeba mizigo na kula watu. Kitabu chake kingine, Mashimo ya Mfalme Sulemani, kikatafsiriwa kwa kiswahili, watoto wa pwani wakakisoma. Hadisi ya Afrika ya zamani, uchawi wa Afrika, na moyo wa hadisi ni wa Mzungu! Hatumlaumu sana, mtu anaandika anachoota. Leo binti mwenye asili ya Nijeria, Tomi Adeyemi, amechukua miungu ya Wayoruba, akatunga riwaya ya mwaka wa 2018 ya uchawi uliopotea na mapenzi kati ya maadui, na vijana wa Marekani walipanga mistari kuinunua. Na Mwindo wetu? Mmarekani Aaron Shepard amemfanyia kitabu cha watoto. Mtoto wa California anaweza kulala usiku akiwa amesomewa Mwindo. Mtoto wa Mubi analala na Karishika.

Tutaambiwa: karisi ni ya Wanyanga, Masisi ni ya wengine. Tunajua maneno haya yanatoka wapi na yamechimba makaburi mangapi. Wahunde wana masimulizi yao, na mengi yanafanana na ya Wanyanga kama ndugu wa tumbo moja. Lyangombe, yule mwindaji mkubwa aliyeuawa na nyati, anasimuliwa na Wanyarwanda, na Washi, na Wahavu. Kirimu wa Walikale ni zimwi la pwani. Mto hauulizi kabila la anayechota. Kama Mhunde atatunga riwaya juu ya Tubondo, na Mhutu wa Masisi juu ya Lyangombe, na Mtembo akawasoma wote wawili akicheka na kulia, tutakuwa na kitu ambacho mikutano mingi ya amani ya Goma, pamoja na perdiemu zake, haikutupa.

Haraka iko. Mwaka wa 2023 na 2024 vijiji vizima vya Masisi vilihamia Bulengo na makambi mengine pembeni ya Goma, na mwanzoni mwa 2025 makambi yale yakavunjwa, watu wakasukumwa tena njiani. Mzee anayehama anabeba godoro na sufuria. She-karisi anahitaji mji, jioni, wapwa wa kupiga fimbo, pombe ya ndizi, na watu wanaojua wapi pa kuitikia. Ndani ya hema la plastiki, mvua ikipiga juu, na mjukuu akiwa na visikilizio masikioni, ataanza namna gani?

Turudi kwa makaye. Yalichomwa jumamosi. Jumatano iliyofuata, saa ya mapumziko, tuliwakuta wasichana wanane ndani ya ile kalasi isiyo na paa. Mmoja alikuwa anasimulia hadisi ya pete, wengine wanamsahihisha: « Hapana, pete ilianguka mbele ya vita! » Mmoja alikuwa anapiga deski kwa biki mbili. Tulisimama mlangoni, hawakutuona. Walikuwa wameishika yote kichwani, makaye matatu, kila mmoja kipande chake. Kwa miaka mingi tulilalamika kwamba kizazi hiki hakiwezi kukumbuka hata tarehe ya uhuru.

Tangu siku ile, ijumaa saa ya mwisho, tunawasimulia Mwindo, kwa kiswahili chetu cha kuokoteza, kwa sababu sisi wenyewe kinyanga tunakijua kwa kusikia tu na kitabu tulikikopi ukurasa kwa ukurasa kutoka kwa rafiki. Tumeona kwamba hadisi ya pete imeanza kubadilika. Ngome ya mfalme ina shamba la ndizi nyuma. Mto uliokuwa hauna jina sasa unaitwa Osso. Binti wa mfalme amepata shangazi.

Kwa shirika letu tunaomba vitu vitatu, si vikubwa. Mwindo aandikwe kwa kiswahili chepesi na kwa kifaransa chepesi, kitabu chembamba ambacho mwanafunzi anaweza kukinunua ao kukikodisha. Wazee wanaojua karisi na masimulizi ya kihunde warekodiwe kwa telefone zetu hizi hizi, mbele ya mwaka kuisha. Na pasta aalikwe, tena akae mbele. Tumeshampata mzee wa kwanza. Amekubali. Anaomba apewe vijana wawili wa kumpigia fimbo, na mtu wa kumlipia moto ya kwenda na kurudi.